Miaka sita ya mgongo, na swali ambalo madaktari hawakuniuliza

Baba alizikwa Tanga saa kumi jioni baada ya alasiri, na huku Aurora, jimbo la Colorado, Marekani, ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa pili, theluji imejaa mpaka kwenye ngazi za apatimenti. Binamu yangu ndo alinishikia simu. Nikaona jeneza linatoka mlangoni, nikauona na mlango wenyewe, ule wa kijani ambao baba aliupaka rangi mwenyewe mwaka nilioondoka, alafu simu ikayumba, mtandao ukakata. Sikuweza kwenda kwa sababu makaratasi yangu yalikuwa bado, na ukitoka huku makaratasi hayajakamilika kurudi inakuwa hadithi nyingine. Saa moja nlikuwa kazini. Sikumwambia mtu. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, mliopo huku mnaijua, kuogesha, kulisha, kugeuza mtu kitandani, kumnyanyua umkalishe kwenye kiti cha magurudumu, na siku hiyo nlikuwa namnyanyua mzee mmoja mwenye mwili mkubwa nikasikia kitu kimenasa kiunoni upande wa kushoto, pumzi ikakata, nikamwekea mzee mto vizuri, nikaenda chooni nikashika sinki na mikono miwili mpaka ikapita.

Hiyo ni 2017. Yale maumivu yalikaa na mimi mpaka 2023.

Kwa miaka hiyo nimefanya kila kitu ambacho mtu mwenye mgongo anafanya. Vidonge, sindano, fizio, mkanda wa kiuno, godoro jipya la hela nyingi, mafuta ya kuchua niliyoletewa kutoka nyumbani kwenye chupa ya maji. Nikapigwa MRI, ile picha ya ndani ya mwili, na daktari (sitamtaja yeye wala hospitali yake) akanionyesha kwenye kompyuta, akasema hizi diski mbili za chini, yani ile mito laini kati ya pingili za mgongo, zimechakaa na hii moja imetokeza, akaongeza kwamba mgongo wangu ni kama wa mtu wa miaka sabini. Nlikuwa na miaka 38. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya, ila nlitoka pale natembea kama nimebeba trei ya mayai. Kuanzia siku ile sikuinama tena. Kitu kikianguka naokota kwa kuchuchumaa huku nimeshika ukuta, viatu nikanunua vya kutumbukiza, mwanangu akija kunirukia namzuia kwa mkono, "mama mgongo, mama mgongo", mpaka akazoea akaacha kuruka. Hilo la mtoto kuacha kuruka ndo linaniuma mpaka leo kuliko lile la kiunoni.

Sasa kuna kitu nlikuja kukijua baadae ambacho natamani ningeambiwa siku ile ile pale kwa daktari. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za uti wa mgongo za watu zaidi ya 3,000 ambao hawaumwi mgongo kabisa, yani wazima, wanabeba mizigo yao, wanalala usingizi. Kwenye watu wa miaka 40 karibu 68 kati ya 100 diski zao zilionyesha kuchakaa, na nusu walikuwa na diski iliyotokeza. Hata vijana wa miaka 20, 37 kati ya 100 diski zimeshaanza. Wenyewe walisema mengi ya haya ni sehemu ya kukua kwa umri, kama mvi. Kwahiyo picha yangu haikuwa ya uongo, diski ndo hivyo zilivyo, ila kuniambia kwamba hizo diski ndo sababu ya miaka sita ya mateso, hapo palihitaji maswali zaidi, na maswali hayakuulizwa.

Mtu wa kwanza kuniuliza hakuwa daktari. Kuna bi mmoja wa Kipemba hapa Aurora, mtu mzima, anasomea watu dua, mama alinisisitiza kwa simu mpaka nikaenda kumridhisha tu. Akanikalisha kwenye mkeka, akaweka kiganja chake hapo hapo panapouma, akakaa kimya muda mrefu, alafu akauliza, "Mwanangu, hii ilianza lini, na siku hiyo kulikuwa na nini?" Nikasema ilianza kazini, nlinyanyua mzee. Akasema hilo nimesikia, nakuuliza siku hiyo kulikuwa na nini. Nikalia pale mpaka kanga yake ikalowa. Akanisomea, akanipa maji ya kombe, mgongo haukupona siku hiyo, sitaki kudanganya mtu, ila usiku ule nililala saa saba mfululizo, na nlikuwa sijalala hivyo tangu mwaka ule.

Miezi kama mitatu baadae ndo nikaanza thirapi, ile ya mazungumzo. Daktari wangu mpya alikuwa mama mmoja mtulivu sana, akanipima upya mwanzo mwisho, reflexi, nguvu za miguu, ganzi, akasema mshipa wa fahamu haujabanwa, huna jipu wala uvimbe wala mfupa uliovunjika, ule msuli uliovutika 2017 ulishapona ndani ya wiki chache kama misuli inavyopona, na nadhani maumivu yako saivi yanatengenezwa na ubongo. Nikamkatisha. Nikamwambia kwahiyo unasema najifanya? Maana hiyo ndo tafsiri yake kwetu, ukimwambia mtu wa nyumbani nenda kwa mwanasaikolojia kwa ajili ya mgongo anasikia umemuita mwongo au chizi, hakuna la katikati. Akasema hapana, maumivu yote yanatengenezwa na ubongo, hata ya mguu uliovunjika, na yako ni ya kweli kama hayo, tofauti ni kwamba king'ora kimebaki kinalia na moto ulishazimika.

Alinipa mfano wa fundi ujenzi mmoja Uingereza, kisa kiliandikwa kwenye jarida la madaktari la huko mwaka 1995. Kijana wa miaka 29 aliruka akatua juu ya msumari wa sentimita 15, ukapenya buti mpaka ukatokea juu, akawa na maumivu makali hata kuusogeza ule msumari kidogo tu hakuweza kuvumilia, wakamtuliza kwa dawa nzito. Walipolivua lile buti wakakuta msumari umepita katikati ya vidole, mguu haujaguswa. Sasa yule kijana alijifanya? Aliumia kweli kabisa. Macho yaliona msumari, ubongo ukapima hatari, ukatoa maumivu ya kutosha hatari hiyo. Na mimi kila nilipotazama kitu sakafuni ubongo wangu ulikuwa unaona msumari.

Tiba yenyewe niliyopewa wanaiita kwa kifupi PRT, maana yake ni kama kuyachakata upya maumivu, kuufundisha ubongo kwamba hii taarifa inayotoka mgongoni si ya hatari. Na jambo lililonigusa ni kwamba utafiti wake mkubwa umefanyika hapa hapa Colorado, Chuo Kikuu cha Colorado pale Boulder, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka kwangu, wakati mi nimelala na mkanda wa kiuno. Yoni Ashar na wenzake, akiwemo Tor Wager na daktari Howard Schubiner na mtaalamu wa thirapi wa Los Angeles anaitwa Alan Gordon, walichukua watu 151 wenye mgongo sugu, wengi wamekaa nao miaka na miaka, wakawagawa makundi matatu. Kundi moja likaongea na daktari mara moja kwa video alafu vipindi 8 vya thirapi ndani ya wiki 4. Kundi la pili likachomwa sindano ya maji chumvi mgongoni na wakaambiwa wazi kabisa kwamba hii ni maji chumvi. La tatu likaendelea na matibabu yake ya kawaida. Majibu yakatoka 2021 kwenye jarida la madaktari la JAMA Psychiatry, kwenye kundi la thirapi 66 kati ya 100 waliishia hawana maumivu au yamebaki kidogo sana, wa maji chumvi 20, wa matibabu ya kawaida 10. Baada ya mwaka mmoja wengi wa wale wa thirapi walikuwa bado wamesimama hapo hapo. Na waliwapiga picha za ubongo pia, zile sehemu zinazohusika na maumivu na kupima hatari zilionekana zimetulia.

Ntasema na upande wa pili kwa sababu naipenda hii tiba na sitaki mtu aje kuidharau kwa kuahidiwa mbingu. Utafiti huo ulifanyika sehemu moja, watu wake wengi ni wasomi, wanaotembea na kufanya mazoezi, na maumivu yao kwa wastani yalikuwa ya kati, kama 4 kwenye 10. Si watu wa shifti mbili kwa siku kama sisi. Tunahitaji tafiti za watu kama sisi. Lakini mimi ni mtu wa shifti mbili na ilinifaa, kwahiyo nasimulia.

Kipindi cha tatu ndo kilichonibadilisha. Thirapisti alikuwa kijana mdogo kwangu, kwenye laptopu, akaniambia kaa kwenye kile kiti unachokiogopa. Nlikuwa na kiti cha mbao jikoni ambacho nikikaa dakika tano tu moto unaanza. Nikakaa. Ukaanza. Akasema usikimbie, usijaribu kuuondoa, utazame tu kama unavyotazama samaki kwenye maji, niambie upoje. Nikamjibu kwa Kiingereza yale maneno ninayowaambia madaktari siku zote, unachoma, ni 8 kwenye 10. Akasema sawa, na kwa lugha yako ungesemaje? Nikanyamaza. Nikafumba macho. Unachoma? Hapana, hauchomi. Unakata? Hapana. Unavuta kidogo, ndio, ila zaidi ya kuvuta, una... unafukuta. Unafukuta kama makaa yaliyofunikwa majivu, pale mama anapoachia wali ukauke. Na nilipolipata hilo neno kuna kitu kikalegea, sijui nielezeje, kwa sababu kinachofukuta hakikuunguzi, kipo tu, ukikiacha kinajifia taratibu. Nikaendelea kuutazama, ukasogea, nawaambia ukweli, ukahama kutoka kushoto ukaja kulia, dakika mbili hivi, alafu ukarudi umekuwa mdogo. Nikamwambia umehama! Akatabasamu, akaniuliza diski inahama?

Kiswahili chetu tunasema "nasikia maumivu". Maumivu tunayasikia, kama sauti. Njaa tunaisikia, baridi tunaisikia, na maumivu hivyo hivyo. Nlikuwa nimelisema neno hilo maisha yangu yote bila kulifikiria, na pale kwenye kiti cha mbao nikaelewa kwamba miaka sita nimekuwa naisikia sauti na kila ikianza mi nakimbia kabla haijamaliza sentensi.

Alafu tukaja kwenye kuinama. Thirapisti akaniuliza utotoni ulikuwa unainamaje, nani alikufundisha. Nikamwonyesha mama. Nlimpigia mama video siku ile ile jioni yetu, kwake alfajiri, nikamkuta ameshaamka anafagia uwanja, na fagio la chelewa lile fupi, miguu imenyooka, kiuno kimekunjika kabisa, miaka 71, mkono mmoja nyuma mgongoni, anarudi kinyumenyume anaacha mistari kwenye mchanga. Nimemwangalia yule mama hivyo maelfu ya mara. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mgongo wake ni wa kuvunjika. Nikaweka simu mezani, nikachukua kitambaa, nikainama nikafuta sakafu ya jikoni, miguu imenyooka, kama yeye. Nlitetemeka, moyo ulikuwa unaenda mbio kama nimeiba. Uliuma, ndio. Ukauma kidogo, ukatulia, sakafu ikaisha. Siku ya pili nikafuta tena. Wiki ya pili nikafunga kamba za viatu vya mwanangu na akanitazama usoni muda mrefu bila kusema kitu.

Ila kwangu hofu ilikuwa nusu tu ya habari. Kuna tiba nyingine ndugu ya hii, wameitengeneza Mark Lumley wa Chuo Kikuu cha Wayne State kule Detroit pamoja na huyo huyo Schubiner, kwa kifupi EAET, yenyewe inashughulika na hisia zilizomezwa, hasira, huzuni, aibu, hatia. Wazo la hisia kufukiwa ndani ya mwili si geni, New York kulikuwa na daktari John Sarno, alifariki 2017, yeye alilihubiri hili kwa wagonjwa wa mgongo miaka mingi, wenzake wengi wakampuuza, na kusema kweli maelezo yake kwamba misuli inanyimwa oksijeni hayakuja kuthibitika, ila alikuwa anawasikiliza watu na wengi walipona. Hawa wa sasa wanapima. Mwaka 2024 walitoa matokeo ya maveterani 126 wa Los Angeles, wazee wa miaka 60 kwenda juu, karibu wote wanaume, watu wa jeshi kabisa ambao usingetegemea waongelee machozi. Kati ya waliopata EAET, 63 kati ya 100 maumivu yalipungua kwa asilimia 30 au zaidi, na kwenye ile thirapi iliyozoeleka zaidi ya kubadili fikra ni 17 tu. Miezi 6 baadae tofauti ilikuwa imepungua lakini bado ipo.

Thirapisti wangu akaniambia weka kiti kitupu mbele yako, baba amekaa hapo, mwambie. Nikasema kwetu hatuongei na marehemu hivyo, tunawaombea. Akasema sawa, basi ongea na msiba. Nikafikiri sana. Nikaanza kwa Kiswahili, yeye haelewi hata neno moja, akakaa tu ananisikiliza. Nlianza na samahani baba sikuja. Nlidhani huzuni ndo itakayotoka, lakini iliyotoka ni hasira, jamani, hasira ya kutisha. Kwa makaratasi. Kwa kaka aliyesema kwenye simu "we kaa huko utume hela tu". Kwa baba mwenyewe, kwamba aliniambia nisijali, anaendelea vizuri, wiki mbili kabla, na hakuwa anaendelea vizuri. Sikuwahi kumkasirikia baba maisha yangu, nlilelewa hivyo, mzazi hakasirikiwi. Nikasema kwa sauti ya juu mpaka jirani akagonga ukuta. Na kiuno, wakati nasema, kilikuwa kinawaka, 9 kwenye 10, nikataka kuacha, akanionyesha kwa mkono endelea, nikaendelea, na nilipofika kwenye machozi ndo kikashuka. Kimeshuka kama maji yanavyoshuka kwenye beseni ukivuta kizibo. Sina maelezo mazuri zaidi ya hayo.

Tangu mwisho wa 2023 nina siku nyingi za sifuri, nyingine za moja au mbili. Mwezi ambao kazini kuna kugombana au barua ya uhamiaji imekuja, kinarudi, kinafukuta siku mbili tatu. Nakaa nakisikiliza.

Sasa naomba msome hili taratibu. Usimwachie thirapisti mgongo ambao haujapimwa. Mgongo wenye homa, kukonda bila sababu, kutoka jasho usiku, hasa kwetu ambako kifua kikuu kinaingia mpaka kwenye pingili, huo ni wa hospitali. Ukipata ganzi sehemu za siri au mapajani ndani, au mkojo au choo kinakutoka bila kujua au kimekataa, au miguu inaishiwa nguvu, hiyo ni dharura, siku hiyo hiyo. Aliyeanguka vibaya, aliyewahi kuugua kansa, mwenye selimundu, apimwe. Thirapi inaanza pale ambapo vipimo vimeisha na maumivu yapo, zaidi ya miezi mitatu, hasa kama yanahama hama, yanakuja na stresi, yanapotea ukiwa safari ya furaha, au yalianza kipindi ambacho maisha yalikuwa yamekukaba. Na hii siyo mambo ya pembeni tena, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mgongo sugu Desemba 2023, tiba za kisaikolojia zimo ndani pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa, na mikanda ya kiuno na dawa za jamii ya morfini wamesema zisiwe za kawaida. Mkanda wangu niliutupa kabla sijasoma hilo.

Nyumbani wataalamu wa hivi ni wachache na wengine ni ghali, najua. Ila lile swali la bi wa Kipemba halina bei, na daktari, nesi, fizio, hata mke au mume anaweza kuliuliza.

Mwezi uliopita nlimpigia mama. Shikamoo, marahaba mwanangu, mgongo je? Zamani ningesema sijambo mama alhamdulillah, hata kama nimelala chini sakafuni. Nikamwambia leo unauma kidogo mama, na baba nimemkumbuka sana. Akanyamaza. Nikasikia kuku wake wanalia huko nyuma. Alafu akasema, unajua goti langu hili, lilianza nilipotoka eda. Miaka yote hii, na mi mwanawe sikuwahi kujua goti la mama lilianza lini. Nikamuuliza, mama, siku hizo kulikuwa na nini? Akaanza kusimulia, miezi minne na siku kumi ndani ya kile chumba, nguo za baba bado zimetundikwa msumarini, na nani alikuja kumtazama na nani hakuja, akasimulia mpaka simu yangu ikaanza kulia kwamba chaji inaisha nikaenda kukaa chini karibu na soketi.

Wiki ijayo kaka anampeleka kupiga picha ya goti, maana lazima kuanzia hapo, umri wake magoti huwa yanalika kweli. Na jioni zangu, alfajiri zake, tunaongea. Jana aliniambia nguo za baba kazitoa msumarini, kazifua, kazianika.